Mwanahabari Akija, Akukute na Flashi Mkononi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Hapa Nzuguni, Dodoma, siku hiyo ilipita kimya. Mabasi yaliingia na kutoka Stendi Kuu, Soko la Job Ndugai liliuza vitunguu na nyanya zake, na steshenari ziliendelea kuchapa barua za maombi ya kazi na kutoa nakala za vyeti. Swali lilikuja taratibu, mwenye steshenari mmoja baada ya mwingine: "Kaka, mashine yangu inakataa Windows 11, nifanyeje?" Inakataa kwa sababu Windows 11 inadai kipande cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo zilitengenezwa kabla ya hapo. Anayejisajili anaweza kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo anunue nyingine, au apige Linux.

Ndiyo maana Linux inatajwa sasa hata na watu ambao hawajawahi kuigusa. Siku ileile ya 14 Oktoba ilitoka Zorin OS 18, mfumo endeshi wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya mtu anayehama kutoka Windows, na katika mwezi mmoja na siku chache ulikuwa umepakuliwa mara milioni moja. Wahariri wanapenda habari yenye tarehe, yenye namba, na inayomgusa mtu wa kawaida mfukoni. Hii inavyo vyote vitatu. Kwa hiyo kama una kikundi cha watumiaji wa Linux, kiwe cha vijana watano wa mtaani au cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), jiandae kupigiwa simu. Nataka kukueleza namna ya kuipokea simu hiyo ili kikundi kitoke na watu wapya wa kufanya kazi, na wale wa zamani wabaki wakielewana.

Wengi huanza kwa kumtafuta mwanahabari. Anza na kazi. Kabla kamera haijawashwa, uwe na jibu la swali ambalo msikilizaji atauliza baada ya kipindi kwisha: "Na mimi nifanye nini?" Usipokuwa na jibu, watu hamsini watajiunga na kundi lako la WhatsApp Jumatatu, Alhamisi watakuwa wanatumiana picha za mpira, na mwezi ukiisha utabaki na walewale watano.

Tanzania imewahi kupata habari kubwa ya aina hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofanywa pamoja na kampuni ya Kiswidi it46, kilitoa Jambo OpenOffice: programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mtu aliweza kuandika barua na kupiga hesabu za duka huku kompyuta ikimsemesha kwa lugha yake. Microsoft nao wakatoa Kiswahili chao katika miaka michache iliyofuata. Ilikuwa kazi ya heshima, na maneno ya kompyuta yaliyosanifiwa wakati ule yalitusaidia wengi. Lakini tafsiri ya programu ni kama shamba la zabibu, haikupi mavuno ya msimu wa pili bila kupogolewa. Kila toleo jipya linakuja na vitufe vipya na maonyo mapya, na asipokuwepo mtu wa kuyatafsiri, menyu inaanza kuchanganya Kiswahili na Kiingereza. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ina Kiswahili ndani yake hadi leo na bado inataka mikono. Uzinduzi huwapata waandishi wa habari kwa urahisi. Mtu wa kuendelea kutafsiri mwaka wa tatu ndiye adimu, naye anapatikana pale tu mtu anapomwambia waziwazi kwamba anahitajika.

Basi andika orodha ya kazi, kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, na uzipange kwa muda zinaochukua. Kazi ya dakika kumi: washa kompyuta yako kwa flashi ya Linux bila kugusa diski, kisha andika kama printa, spika na intaneti vimefanya kazi, pamoja na jina na modeli ya mashine. Hiyo peke yake ni hazina. Ukikusanya majibu ya steshenari ishirini za Nzuguni na Ilazo, utakuwa na jedwali linalomwambia fundi ni printa gani inakubali mara moja na ipi itamsumbua. Kazi ya saa moja: tafsiri maneno ishirini ya programu moja, kisha mpe mwenzako ayapitie. Kazi ya wiki: andika mwongozo wa kurasa mbili wa jambo linalofanyika kila siku steshenari, kama vile kuskani kitambulisho na kukituma kwa barua pepe. Asiye na kompyuta asirudishwe mikono mitupu. Kwa simu yake anaweza kusoma sentensi za Kiswahili na kuzirekodi kwenye Common Voice ya Mozilla, ambayo ilifungua mlango wa Kiswahili mwaka 2021, ili mashine zijifunze kuelewa sauti zetu.

Kila kazi iwe na mtu wa kuulizwa, na mtu huyo ajibu ndani ya siku moja. Nalisisitiza hili kuliko yote. Mgeni aliyefanya kazi yake ya kwanza akakaa siku tano bila kuambiwa hata ahsante harudi, na hatakwambia kwa nini.

Vilevile wafundishe wageni kuripoti kasoro. "Haifanyi kazi" si ripoti. Ripoti inasema nilifanya nini, nilitegemea nini, kikatokea nini, kwenye mashine gani na toleo gani. Sentensi nne za namna hiyo, zikipelekwa kwa watengenezaji wenyewe, zinaweza kumsaidia mtu wa Lima au Jakarta mwenye printa kama yako. Kikundi chetu kilikaa muda mrefu kikitatua matatizo na kuyaacha hapohapo, kichwani mwa kijana mmoja. Alipohamia Mwanza tukaanza upya.

Sasa maneno. Utakapokuwa mbele ya kipaza sauti, usiseme "distro", usiseme "kernel". Sema mfumo endeshi ndiyo programu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta na kuzipa nafasi programu nyingine zote. Linux ni kiini cha mifumo endeshi mingi, alikitangaza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na simu za Android zilizo mifukoni mwa wasikilizaji wako zinaendeshwa nacho. Hapo msikilizaji hushtuka: kumbe ninaitumia tayari.

Kiswahili kinatupa faida moja ambayo Waingereza hawana. Wao neno lao moja, "free", linabeba maana mbili, kwa hiyo tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983 wamelazimika kueleza kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi tunalo huria na tunalo bure. Tumia yote mawili, uyatenganishe. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia, kuifungua uone ilivyotengenezwa, kuibadili na kumgawia jirani. Mara nyingi pia ni ya bure, lakini ubure si ndiyo hoja, na fundi anayekupigia Linux ana haki ya kulipwa kwa jasho lake. Ukilieleza hili vizuri, utakuwa umezuia ule uvumi kwamba kitu cha bure lazima kina mtego.

Na usipambe. Mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi alimuuliza mwenzetu, "Mwanangu, hii Linux itanifungulia mafaili yangu yote?" Mwenzetu akajibu, "Mama, barua na majedwali yatafunguka, ingawa mengine mpangilio unaweza kusogea. Photoshop haitaingia. Programu yako ya hesabu tuijaribu kwanza kabla hatujagusa kitu." Mama yule alikubali tupige mashine moja kati ya tatu, na wiki sita baadaye akatuita kwa ya pili. Mwanahabari apewe jibu lilelile: taja kinachofanya kazi, taja kisichofanya kazi, na waambie watu wahifadhi nakala ya mafaili yao kabla ya lolote.

Usiitukane Windows pia. Ni kupoteza dakika za redio, na unamtukana msikilizaji anayeitumia. Tena tunadaiana. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine zake kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux. Akatangaza tarehe 29 Machi, kabla mlango huo haujafika kwenye matoleo yanayotumiwa na watu wengi.

Kisa hicho kina somo la ushirikiano ambalo vikundi vyetu vinalihitaji. Kazi ya xz ilibebwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, wa kujitolea, aliyekuwa amechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, huku majina mengine yakimlalamikia mtunzaji yule kwamba ni mzito na awaachie wengine. Akaachia. Mlango wa siri ulianzia kwenye uchovu wa mtu aliyeachwa peke yake. Kwa hiyo, umaarufu ukija na watu wengi wakataka kusaidia, wakaribishe wote kwenye kazi, lakini funguo zitoke polepole. Neno la siri la barua pepe ya kikundi, usimamizi wa kundi la WhatsApp, simu inayopokea michango: kila kimoja kiwe mikononi mwa watu wawili mnaofahamiana ana kwa ana, si mmoja, si kumi. Na mkimwona mwenzenu anayejibu maswali yote usiku amepoa au anajibu kwa ukali, mpokeeni mzigo. Msimsubiri aombe.

Kamera yenyewe huleta kinyongo. Anayeongea vizuri anaonekana Jumapili kwenye televisheni, na yule aliyekesha akihangaika na printa ya Canon hatajwi. Baada ya mahojiano mawili matatu, aliyekesha anaacha kuja. Nimeliona kwa macho yangu, na liliniuma, kwa kuwa aliyeondoka ndiye tuliyemhitaji zaidi. Tangu hapo tuna utaratibu ambao naupendekeza kwa kila kikundi: kwenye mahojiano wanakwenda wawili, mmoja aongee na mmoja aonyeshe kwenye mashine. Msemaji habaki yuleyule mara mbili mfululizo. Sentensi yake ya kwanza inataja aliyefanya kazi inayoonyeshwa. Dada zetu wanaosoma informatiki pale UDOM wawe kwenye zamu hiyo sawa na kaka zao, si kwa ajili ya kupendezesha picha bali kwa kuwa kazi wanaifanya.

Upande wa wanahabari, Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Bunge la bajeti linapokaa, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, waandishi wa nchi nzima wamo mjini humu. Ila usimpigie mwandishi wa Bunge saa tatu asubuhi, maswali na majibu yanaanza. Mtumie ujumbe mfupi, umwalike Jumamosi, na habari yako iwe na mtu ndani yake: mwenye steshenari aliyeokoa mashine tatu, mwalimu aliyefufua kompyuta za shule. Mwandishi wa redio mtafutie mahali tulivu, maana upepo wa Dodoma ukipiga kwenye kipaza sauti hakuna kinachosikika. Wa gazeti mpe ukurasa mmoja wenye tarehe, tahajia sahihi za majina, na namba ulizozihakiki. Akikosea, msahihishe kwa adabu siku hiyohiyo na umtumie maneno sahihi. Usimshambulie mtandaoni, utamhitaji mwakani.

Kuhusu bahasha nitasema wazi. Waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kidogo, na desturi ya kuwapa nauli imezoeleka. Kikundi cha kujitolea kisiingie humo. Maji na chai mpe kila aliyekuja, mwandishi akiwemo. Habari iliyolipiwa itasifia bila kuuliza, na programu huria inaishi kwa kuulizwa.

Fuateni kalenda iliyopo badala ya kubuni hafla. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyowekwa na UNESCO mwaka 2021. Siku hiyo wahariri wanatafuta habari za lugha, basi waonyesheni kompyuta inayoongea Kiswahili. Kisha maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Viwanja viko hapahapa Nzuguni, na mwaka 2024 na 2025 maonesho yalifanyika hapa kitaifa. Wanakuja wakulima, maofisa ugani, walimu, wanafunzi, na kamera za kila chombo. Kama hamna fedha za banda, ombeni meza moja ndani ya banda la chuo au taasisi inayowafahamu. Wekeni laptopu mbili za zamani zinazoendeshwa na Linux na mwacheni mgeni aguse mwenyewe. Tarehe 16 Agosti ni siku ya kuzaliwa ya mfumo endeshi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Jumamosi ya tatu ya Septemba ni Siku ya Programu Huria duniani. Mgeni mliyempata Nane Nane aalikwe 16 Agosti, kabla hajapoa.

Mkichukua majina na namba za simu mezani, kumbukeni kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andikeni mtakachotumia tu, mwambieni mtu mtamtafutia nini, na daftari lisiachwe wazi likasomwa na kila apitaye. Picha za watoto msirushe bila ruhusa ya wazazi.

Flashi nazo zina nidhamu yake. Mfumo endeshi wa Linux Mint ni karibu GB 3, bando la mtu mmoja linateketea, kwa hiyo mmoja apakue na wengine wanakili. Sheria inaruhusu, na hiyo ndiyo raha yake. Lakini anayepakua ahakiki alama ya SHA256, ambayo hubadilika faili likibadilishwa, kabla ya kugawa. Februari 2016 wahalifu waliivamia tovuti ya Linux Mint wakaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa siri. Flashi moja mbovu iliyogawiwa kwenye maonesho inaweza kulizika jina la kikundi kwa miaka.

Kuna ombi moja ambalo mwandishi atakuletea, nalo ni tamu: "Kwa hiyo ninyi mmetengeneza mfumo endeshi wa kwanza wa Kitanzania?" Kataa. Kubadili picha ya mezani, kuweka twiga na bendera, kisha kuupa mfumo jina jipya ni kazi ya wikiendi moja. Kuulinda kwa masasisho kila wiki kwa miaka kumi ni kazi ya jeshi. Debian inabebwa na watu zaidi ya elfu moja kutoka nchi nyingi na bado wanatafuta wenzao. Nguvu kidogo tuliyonayo tuipeleke kule kwenye chanzo: tafsiri, ripoti za kasoro, miongozo, marekebisho. Tunachokipeleka kikiingia kule, kinamfikia mtu wa Nzuguni, wa Lamu, wa Bukavu na Mtanzania aliyeko Muscat kwa wakati mmoja. Mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania, sw_TZ, umo tayari ndani ya Linux unayoipakua leo, kwa sababu kuna watu waliuandika na kuupeleka huko. Mwambie mwandishi habari hiyo. Ni kubwa kuliko twiga.

Nane Nane ijayo njoo na laptopu yako ya zamani, chaja yake, na flashi tupu ya GB 8, na mafaili yako uwe umeyahifadhi pengine. Kama unajua kutafsiri, sema ukifika tu, kazi ipo.